Wimbo Alioukana Mwalimu wa Kwaya

Alikuwa akiongoza kwaya bila kutumia mikono. Mikono yake ilikuwa na kazi nyingine, kusuka kiondo. Alikaa mbele yetu kwenye kigoda, nyuzi za katani zimemlalia mapajani, na huku vidole vikienda alituongoza kwa kidevu. Kidevu kikipanda, sauti ya kwanza inaingia. Kikielekea kushoto, ni zamu yetu sisi wa sauti ya pili. Mtu akiharibu, vidole vilisimama. Kule kusimama kwa vidole kulitosha kutufanya watu wazima ishirini, wenye ndoa na watoto na mashamba, tutazame sakafu.

Nilimwimbia miaka kumi na mmoja, katika kanisa la mabati karibu na soko la Tawa, siku zile tulipokuwa bado chini ya wilaya ya Machakos. Jina lake sitalitaja. Sisi tulimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Alikuwa mkulima kama sisi wote, mwenye mahindi na mbaazi na mbuzi wanne, na nyuzi zile za katani ambazo hazikumtoka mkononi.

Ulimi wake ulikuwa mkali. "Usinililie, niimbie," alikuwa akimwambia yeyote aliyevuta sauti puani. Kwa wanaume wa sauti ya nne alisema, "Imbeni kama watu waliokula. Mkiimba na njaa, hata Mungu atadhani mnaomba unga." Na mimi, ambaye nilipenda kujificha nyuma ya sauti za wengine, aliniambia siku moja mbele ya wote, "Wewe Mama Mwende, sauti ya pili si sauti ya mtumwa. Nani amekufundisha kuomba ruhusa ukiimba?" Nilimchukia wiki nzima. Halafu Jumapili iliyofuata niliimba bila kuomba ruhusa, na kidevu chake kikainama kidogo sana, kama mtu anayekubali bei.

Lakini mtu huyo huyo ndiye aliyekuja kwangu alfajiri ile Mwende alipokuwa na homa na shingo imekakamaa. Mume wangu alikuwa amesafiri kwa mkutano wa wazee wa kanisa. Sijui nani alimwambia. Alifika, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwangu, akamfunga mgongoni, na tukateremka mlima hadi zahanati, yeye mbele, mimi nyuma. Njia nzima alinigombeza. Kwa nini sikuita mtu? Kwa nini mama mzima anakaa na mtoto mgonjwa kama anayelinda siri? Muuguzi alipotuambia tumefika wakati mzuri, Mwalimu alikaa chini ukutani, akafungua mkebe wake wa isyo, yale mahindi na maharagwe aliyotembea nayo kila mahali kwa sababu hakula nyumbani kwa mtu, akanipa kijiko. "Kula," akasema. "Na ukome kulia." Mwende sasa ana watoto watatu.

Alikuwa mjane. Mumewe alikuwa akifanya kazi Mombasa, akarudishwa ndani ya jeneza, na tangu hapo Mwalimu alivaa kitambaa cheusi kichwani. Wengine walivaa mwaka mmoja. Yeye alivaa tisa. Binti yake wa pekee alipomwambia akivue, alijibu, "Mimi ni mtu wa kungoja siku ziishe. Sina haja ya rangi." Harusi hakwenda. Kwaya ilipoalikwa kuimbia maharusi, alitufundisha nyimbo, akatuvusha barabara hadi mlango wa kanisa, akarudi nyumbani. Matanga, kwa upande mwingine, hakukosa hata moja, na huko ndiko alikotufanya tuimbe vizuri zaidi.

Mtu aliyembadilisha alikuwa fundi wa redio, na aliyemtuma kwake ni mchungaji mwenyewe. Kipaza sauti cha kanisa, kile chenye mdomo mpana kama ua la boga tulichotumia kuhubiri sokoni, kilikuwa kimenyamaza. Mchungaji akauliza nani ana safari ya Sultan Hamud. Mwalimu alikuwa na vyondo vya kupeleka kule kwa wenye maduka. Akakibeba.

Fundi alikuwa mtu wa kutoka Murang'a, mfupi, mjane naye, hana mtoto, na alikuwa na kiduka karibu na stesheni ya reli ambapo alitengeneza redio na gramafoni. Hakuwa ameokoka. Alivuta sigara. Nyuma ya duka aliweka gitaa la umeme alilolitengeneza mwenyewe, na wateja walipokuwa wakingoja alilipiga. Mwalimu alituhadithia baadaye, akicheka, kwamba aliingia mle akakuta mtu anapiga kitu kizuri na kukikosea mahali pamoja kila mara. Akavumilia mara tatu. Mara ya nne akamwambia, "Baba, hapo unaanguka. Sauti inataka kupanda, wewe unaishusha. Unaogopa nini?"

"Imba basi vile inataka," fundi akasema.

Akaimba. Alikuwa amesimama na kipaza sauti kilichoharibika mikononi, na kitambaa cheusi kichwani, akaimba.

Kipaza sauti kilichukua miezi mitano kutengenezwa. Kila mara kulikuwa na kifaa kilichokosekana, na kila mara ni Mwalimu aliyekwenda kuulizia. Sisi tulicheka chinichini, lakini kicheko chetu cha kwanza hakikuwa na ubaya. Tulikuwa tukiona mtu anafufuka. Mwezi wa pili alianza kutusalimia kabla hatujamsalimia. Mwezi wa tatu alikula kwangu ugali na sukuma wiki, akaomba nyongeza. Mwezi wa nne alikuja mazoezini na kitambaa cha manjano, manjano ya kuumiza macho, akakaa kwenye kigoda chake na kusema, "Mnatazama nini? Fungueni vitabu."

Wimbo waliutunga wao wawili. Maneno ya Mwalimu, gitaa la fundi, na vijana wawili wa Nairobi wenye ngoma za kizungu. Ulikuwa wa kasi, wa gitaa linalolia kama mtu anayeita wenzake kutoka ng'ambo ya mto, mtindo ule vijana wa mjini walioacha nywele ziote walikuwa wakiupenda. Lakini chini ya gitaa, ukisikiliza vizuri, ulisikia mwendo wa ngoma za nyanya zetu, zile kanisa lilizotukataza. Na juu yake Mwalimu akiimba kwa Kiswahili, ili hata mtu wa Kisumu aelewe:

Nilidhani nimeisha, kumbe nilikuwa nimeketi.
Moyo, inuka twende, jua bado liko juu.

Ni hayo tu, na beti tatu za kueleza jinsi mtu anavyoamka siku moja na kusikia harufu ya mvua, akakumbuka kwamba anapenda mvua. Jina la mwanamume halimo. Jina la Yesu halimo pia, na hilo ndilo lililotajwa baadaye.

Kabla ya kwenda kurekodi alikuja kwangu shambani. Nilikuwa nikipalilia mbaazi. Alisimama kwenye mfereji, hakutaka kukanyaga, akasema, "Mama Mwende, nataka sauti ya pili. Siku mbili tu, Nairobi. Tutalala kwa dada yangu. Nimemsikia kila mtu, nakutaka wewe."

"Mume wangu hatakubali," nikasema.

"Umemuuliza?"

"Namjua."

"Haya," akasema, akaenda. Sikuwa nimemuuliza mume wangu, wala sikumuuliza. Jioni ile nilimpikia, akala, akasoma Biblia yake, akalala bila kuniambia neno, kama ilivyokuwa desturi yetu, na mimi nikawaza kwamba pale Tawa kuna mjane mwenye wimbo, na mimi mwenye mume sina hata wa kupigia mluzi. Santuri ilipotoka, sauti ya pili ilikuwa ya fundi. Aliimba kwa woga. Ningemshinda.

Ilipigwa kwenye redio ya taifa, kwenye kipindi cha salamu. Watu waliituma kwa ndugu zao wa Kitui, kwa askari walioko mpakani, kwa wagonjwa hospitalini. Kwenye mabasi ya Mombasa makondakta waliipiga mluzi. Nilisikia mwanamke mmoja sokoni, mgeni kabisa, akimwambia mwenzake kwamba alikuwa amekaa ndani tangu afiwe na mtoto, na ule wimbo ndio uliomtoa nje kununua chumvi. Nilimpelekea Mwalimu habari hiyo. Alifunika uso kwa kitambaa chake cha manjano, akacheka, akalia. Hiyo ndiyo siku ya mwisho niliyomwona na furaha yote.

Mashtaka yalisomwa Jumapili, baada ya ibada, wasiobatizwa walipoombwa watoke. Mume wangu alikuwa mezani pamoja na wazee wengine. Mchungaji alisema, bila hasira, kwamba dada yetu ameimba nyimbo za dunia kwa sauti ambayo Mungu alimpa kwa ajili ya nyimbo za Mungu, na kwamba anaenda kwa mwanamume asiyeamini. Akamwita asimame mbele.

"Dada, una neno?"

"Nina swali," Mwalimu akasema. "Mnataka nirudi vile nilivyokuwa?"

Mchungaji akasema, wanaokubali kwamba dada atengwe na meza ya Bwana, na aiache kwaya, wainue mikono.

Nimesikia watu wakisema waliinua kwa sababu wazee walikuwa wakiwatazama. Ni kweli, walikuwa wakitutazama, na mume wangu alinitazama mimi. Lakini kwa upande wangu nitakuwa mwongo nikisema ni hilo tu. Niliinua kwa sababu ya kitambaa cha manjano. Niliinua kwa sababu alikuja hadi mferejini akanionyesha mlango, na kila siku tangu hapo nilikuwa nikijua kwamba niliufunga mwenyewe. Nilitaka aketi tena, kama sisi. Mkono wangu ulikuwa juu, na yeye alikuwa ameelekea upande wetu wa kwaya, na nikaamini kwamba ameniona.

Wiki mbili baadaye nilipewa kwaya. Nilikubali.

Mwaka mzima alikuja kanisani, akakaa benchi la mwisho pamoja na wasiobatizwa. Hakuimba. Tulipoharibu, na tuliharibu sana, nilijua bila kugeuka kwamba vidole vyake vimesimama. Fundi aliendelea kuja Tawa siku za soko, wakakaa mbele ya duka la kuuzia mbegu, mahali pa wazi kabisa, wakinywa soda, ili mtu yeyote anayetaka kuona aone. Walikuwa wakingoja. Fundi alikuwa ameanza kusoma Agano Jipya. Sigara aliacha. Mwalimu alitaka kuolewa kanisani, mbele ya watu wale wale, kwa ukaidi wake.

Halafu binti yake akachumbiwa, na kijana mzuri, mtoto wa mwinjilisti. Upande wa kijana wakasema harusi lazima iwe kanisani. Wazee wetu wakasema kanisa halitafungisha harusi ya nyumba iliyo na mtu aliyetengwa, mpaka atubu hadharani. Na kutubu, walimweleza, si kusema nimekosa tu. Ataje wimbo. Amtaje mtu yule.

Mimi nilikuwepo nyumbani kwake siku binti alipolia. Nilikuwa nimepeleka maziwa, dhamiri ilikuwa ikinisukuma kufanya vitu vidogo kama hivyo. Binti alisema, "Mama, wewe ulishaolewa. Ulishapata yako."

Mwalimu hakumgombeza, na hapo ndipo nilipojua ameshindwa.

Jumapili ya toba kanisa lilijaa. Tulipoimba wimbo wa kufungua niliona mtu nyuma, karibu na mlango, mfupi, shati jeupe lenye mikunjo ya dukani bado, kofia magotini. Fundi alikuwa amesikia kwamba Mwalimu anarudishwa. Hakujua masharti. Nilikuja kuambiwa kwamba alikuwa amekuja kumwomba mchungaji, siku hiyo hiyo, amwingize kwenye darasa la ubatizo.

Mwalimu alisimama. Alikuwa na kitambaa cheusi. Hakuangalia nyuma, kwa hivyo hakujua nani yuko. Akasema kwa sauti ile aliyotufundisha, sauti ya mtu aliyekula, iliyofika hadi ukutani:

"Wimbo ule nilioimba ni wa shetani. Nimeukataa. Na mtu yule wa Sultan Hamud sina neno naye, wala sikuwahi kuwa nalo."

"Bwana asifiwe," watu wakasema. Mimi pia nilisema.

Fundi alisimama polepole, kama mtu asiyetaka kusumbua ibada. Alivaa kofia akiwa bado ndani, akatoka. Benchi lilitoa mlio, Mwalimu akageuka. Aliona mgongo tu.

Harusi ilifanyika mwezi uliofuata, na ilikuwa nzuri. Baada ya kanisa tulikwenda uwanjani kula, na vijana wa upande wa bwana harusi walikuwa wameleta gramafoni. Santuri ya tatu ilikuwa ile. Nadhani hawakujua, au walijua wakadhani yamekwisha. Watu walisimama. Wazee wa kanisa, mume wangu mmoja wao, walibaki kwenye viti lakini viatu vyao vilikuwa vikipiga chini. Bibi harusi alicheza. Mama yake alikaa kwenye meza ya wazazi, akala wali wake wote, punje kwa punje, huku sauti yake mwenyewe ikiuambia uwanja mzima uinuke.

Hakuja tena kanisani. Aliuza mbuzi, akamwachia shemeji yake shamba, akaenda Sultan Hamud. Kiduka cha fundi kilikuwa kimechukuliwa na muuza matairi. Fundi alirudi Murang'a, mwenye matairi akamwambia, au labda Nakuru, hakusema vizuri. Watu wa Tawa walingoja Mwalimu arudi. Hakurudi. Mtu aliyemkuta huko Sultan Hamud alimuuliza anakaa kumngojea nani, akajibu, "Simngojei mtu. Hapa angalau walinijua nikicheka."

Mimi niliongoza kwaya miaka mitatu, kisha nikaomba nipumzishwe. Tulikuwa tukiimba kama watu wanaokokota mkokoteni. Mume wangu alizeeka, akaugua, nikamtunza, akafa. Wakati wote huo kulikuwa na jambo moja nililokuwa nikiahirisha. Mwaka uliofuata matanga yake, wilaya yetu sasa ikiitwa Makueni, nilipanda gari nikaenda Sultan Hamud.

Haikuwa vigumu kumpata. Alikuwa na hoteli ya meza tatu kando ya barabara kuu, ya chai na maandazi kwa abiria. Nilimsikia kabla sijamwona, akimfokea mtu aliyemwaga maji mlangoni. Alikuwa amekonda, meno mawili hayapo. Aliniona, akaweka birika chini.

"Aiya! Mama Mwende! Umenenepa wewe!"

Alinikumbatia. Hakuwahi kunikumbatia katika miaka ile kumi na mmoja. Akanivuta hadi meza ya ndani, akapangusa kiti kwa kanga yake, akaniuliza habari za Mwende, akauliza majina ya wajukuu mmoja mmoja. Alinishika mkono muda wote. Nilishangaa. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, si kupokewa hivyo.

"Mwalimu," nikasema, "nimekuja kwa neno moja."

"Sema upesi, maziwa yako motoni."

"Siku ile ya mikono. Najua uliniona. Nimekuja kuomba msamaha."

"Nilikuona vipi?"

"Nikiinua mkono."

Gari kubwa la mizigo lilipita nje, vikombe vikatetemeka, mlio wake ukaisha.

"Uliinua," akasema.

"Niliinua. Ulikuwa umetuelekea sisi. Nilidhani..."

"Sikuona mtu. Macho yalikuwa yamejaa maji." Aliongea taratibu, kama anayehesabu mapigo ya wimbo mpya. "Wiki ile mchungaji alikuja kwangu. Labda alinihurumia. Akasema, usidhani wote wamekukataa, kuna mama mmoja wa kwaya hakuinua. Sikumuuliza ni nani. Ya nini kumuuliza? Nilijua."

Nilitazama mkono wangu uliokuwa ndani ya wake.

"Asi, Mama Mwende," akasema. "Miaka hii yote. Nikichoka na hawa watu wa barabara, nikiugua, nilikuwa nasema, basi, Tawa kuna mtu mmoja. Ungenyamaza tu. Ungekunywa chai ukaenda."

"Sasa alikuwa nani?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"Mimi nitajua wapi? Huyo sijamshukuru hata siku moja. Shukrani zake zote nilikuwa nakupa wewe."

Aliuachia mkono wangu. Maziwa yalikuwa yanafurika, tukisikia yakiungua kwenye jiko, na hakuharakisha. Basi la Mombasa lilikuwa limesimama nje na abiria walikuwa wakiingia, wakivuta viti, wakiitisha chai. Aliinuka, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akaanza kuwapelekea vikombe, meza ya kwanza, meza ya pili. Mwishowe akafika kwangu. Aliweka chai mbele yangu, akasogeza sukari.

"Karibu, mama," akasema. "Utachukua na andazi?"

Ndivyo alivyokuwa amewauliza wale wengine wote.